UDONGO ULIKUWA NA WENYEWE
Historia fupi ya haki ya udongo katika inchi ya Kabambare



Katika vitabu vya Yubile ni desturi kuhesabu: ubatizo ni ngapi, ndoa ni ngapi, mapadri na watawa wametoka muji gani, kanisa lilijengwa na nani. Ni vizuri kuhesabu hivyo, maana asiyehesabu neema anazisahau upesi. Lakini neno lenyewe Yubile linatulazimisha kuhesabu kitu kingine tena. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, Yubile ni habari ya udongo. Mwaka wa hamsini baragumu lilipigwa, na kila jamaa ilirudi katika urizi wake. Aliyeuza kwa sababu ya umaskini, yeye au watoto wake waliupata tena. Udongo haukuweza kuuzwa kwa milele, kwa sababu mwenyewe wa kwanza ni Mungu.

Basi tumeona inafaa, katika kurasa hizi chache, kuandika namna udongo wa Kabambare ulivyoshikwa na wazee, namna ulivyochukuliwa kwa nguvu ya neno moja, na haki gani zimebaki mikononi mwetu. Hatuandiki kwa kuamsha ugomvi. Tunaandika kwa sababu watoto wetu wanasoma mashuleni historia ya wafalme wa mbali, lakini hawajui ni kwa nini shamba la babu yao linaitwa leo mali ya Serikali.

I. Namna wazee walivyoshika udongo

Inchi ya Kabambare, ambamo muto Luama unapita ukienda kuingia katika Lualaba, ni inchi ya Bangubangu, Babuyu, Bahombo na jamaa zingine walioishi pamoja kwa kuoana na kwa kukutana sokoni. Kwao udongo haukuwa mali ya mutu mumoja. Ulikuwa wa ukoo muzima: wa wafu waliozikwa ndani yake, wa wazima wanaoulima, na wa watoto wasiozaliwa bado. Sultani, au mwenye udongo, hakuwa muuzaji wake. Alikuwa mulinzi.

Mutu aliyekata musitu na kufanya shamba, shamba lile lilikuwa lake kwa muda wote mimea yake ilipokuwa ndani. Kiisha kuvuna mara mbili au tatu, aliliacha lipumzike miaka mingi, majani na miti irudi, udongo upate nguvu tena. Lakini kuliacha hakukuwa kulitupa. Kila mutu wa muji alijua: pale ni shamba la zamani la fulani, na siku moja watoto wake watarudi kulilima.

Tena hayakuwa mashamba tu. Kulikuwa na pori la kuwinda, mabwawa ya samaki, mahali pa kukata nyasi za kufunika nyumba, mahali pa kuchuma uyoga na kukamata kumbikumbi, mingazi ya muji wa zamani, na makaburi. Vyote hivi vilikuwa na mipaka: kijito, jiwe, kichuguu, muti mukubwa. Mipaka haikuandikwa katika mukanda. Iliandikwa katika vichwa vya wazee, na wakati wa ugomvi baraza lilikaa, kiisha mashahidi wakaitembea kwa miguu mbele ya wote.

Mugeni alipofika hakufukuzwa. Alikaa kwa mwenyeji wake, akaonyeshwa pahali pa kulima, naye akaleta sehemu ya mawindo au mutungi wa pombe, kwa kuonyesha kwamba anajua udongo ule una wenyewe. Zawadi ile haikuwa bei. Ilikuwa heshima. Tuikumbuke tofauti hii, maana wageni wengine waliokuja nyuma walitoa kitambaa na chumvi, wakafikiri wamenunua inchi.

Wageni wenyewe ni mashahidi wetu kwamba inchi hii haikuwa jangwa. David Livingstone alifika Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, tarehe 21 Septemba 1869, nyuma kidogo ya kufa kwake sultani aliyemwandika kwa jina la Moenekuss. Alisafiri, akarudi, akakaa kwa sababu ya vidonda vya miguu, hata akatoka kwenda Nyangwe mwanzoni mwa mwaka 1871. Katika daftari zake aliandika juu ya miji mingi na mashamba yenye rutuba. Stanley naye alipita Kabambare mwaka 1876. Hawa hawakupita katika inchi isiyo na watu.

Lakini miaka ile ilikuwa vilevile miaka ya machozi. Wafanya biashara ya pembe na ya watumwa walifanya makao yao Nyangwe, Kasongo na Kabambare. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, watu wengi waliuawa kwa bunduki, wengi wao wanawake, mbele ya macho ya Livingstone. Kiisha vita vya Wabeleji na Waarabu: Kasongo ilitekwa tarehe 22 Aprili 1893, na Kabambare mwezi wa Januari 1894. Mwaka 1898 askari waasi wa Leta walipiga tena Kabambare. Kila mara watu walikimbilia misituni, wakaacha mashamba na nyumba. Mutu anayekimbia vita hajaacha udongo wake. Neno hili tuliweke moyoni, maana litatusaidia kuelewa yanayofuata.

II. Neno la mwaka 1885

Tarehe 1 Julai 1885, mbele askari wa Leta hawajaonekana bado katika sehemu yetu, Dola Huru la Kongo lilitoa amri juu ya udongo. Amri ile ilisema mambo mawili. Kwanza, mutu asiwanyanganye wenyeji udongo wanaoukalia. Pili, udongo usio na mwenyewe ni mali ya Leta. Ukisoma haraka unaona ni maneno ya haki. Lakini ni nani aliyepewa kazi ya kuamua kama udongo una mwenyewe ao hauna? Ni Leta yenyewe. Mufalme Leopold alikuwa muamuzi na murizi pamoja.

Amri ya mwaka 1886 iliongeza kwamba udongo unaokaliwa na wenyeji utazidi kufuata desturi zao. Tena ni neno zuri. Lakini "kukaliwa" kulifasiriwa namna gani? Muzungu alipoona nyumba, alisema: hapa panakaliwa. Alipoona mihogo, alisema: hapa panalimwa. Alipoona shamba lililopumzika, pori la mawindo, muji uliokimbiwa kwa sababu ya vita, alisema: hapa ni patupu. Amri ya tarehe 3 Juni 1906 ilijaribu kupanua kidogo, ikaruhusu muji upewe hata mara tatu ya udongo unaokaliwa na kulimwa. Ni ajabu hii: mwenye nyumba anapewa kama zawadi sehemu ya nyumba yake, na sehemu iliyobaki inachukuliwa na mugeni.

Matunda ya neno lile yalionekana upesi. Mwaka 1902 kompani ya reli ya Maziwa Makubwa, iliyojulikana kwa herufi CFL, ilianzishwa na Edouard Empain, na Leta ikaipa hekta milioni nne za udongo pamoja na haki za madini. Kwa njia hiyo reli ya Kindu mpaka Kongolo ilijengwa, na sehemu kubwa ya madini ya Maniema ikaingia katika vitabu vya kompani, mbele mwenye udongo hata mumoja hajaulizwa. Mwaka 1908 Ubeleji ilipokea Kongo kutoka mikononi mwa Leopold. Bendera ilibadilika, lakini neno la 1885 halikubadilika.

Hatuwezi kuandika historia hii katika kitabu cha parokia na kunyamaza juu ya misioni. Tarehe 26 Mei 1906 Roma na Dola Huru la Kongo walifanya mapatano. Kwa mapatano yale kila misioni iliahidiwa udongo wa hekta 100, na hata 200 kama kazi yake iliuhitaji, ikilazimishwa kufungua masomo na kufundisha kulima na kazi za mikono. Katika udongo wa namna hii makanisa, mashule na hopitali zilisimama, na hakuna kati yetu asiyekula matunda yake. Lakini katika mikanda ya Leta imeandikwa kwamba Leta ndiyo iliyotoa udongo ule. Katika kumbukumbu la wazee, waliotoa ni wenye udongo waliopokea wageni wa Mungu. Mambo haya mawili hayafanani. La kwanza linasema udongo haukuwa na mutu. La pili linasema ulikuwa na mutu, naye aliutoa kwa moyo mwema. Sisi Wakristu tunapaswa kushika la pili, na kumushukuru anayestahili kushukuriwa.

III. Pamba, barabara na uchunguzi

Mwaka 1917 kazi ya mashamba ya lazima ilianza katika Kongo, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kulimishwa pamba. Kila mwanaume mwenye afya alipaswa kutumika siku 60 kwa mwaka katika mashamba yaliyoamriwa. Pamba haikupikwa chunguni. Iliuzwa kwa kompani moja iliyopewa sehemu ile, kwa bei iliyowekwa na wengine, na asiyelima alijua njia ya gereza na uchungu wa kiboko. Mupunga nao, ulioletwa Maniema na watu wa pwani, ulidaiwa kwa kulisha wafanya kazi wa migodi na wa reli.

Tuangalie hapa jambo ambalo wengi hawalioni. Pamba ilichukua nguvu za watu, na vilevile ilichukua haki ya kuchagua. Mutu anayelazimishwa kulima pahali palipopimwa na mukubwa wa kilimo, kwa mustari uliopigwa kamba, hawezi tena kufuata mupango wa wazee wa kupumzisha udongo. Akawa mufanya kazi juu ya shamba lake mwenyewe.

Pamoja na pamba ilikuja barabara. Miji iliyokaa ndani, karibu na maji na makaburi yake, iliamriwa kuhamia kando ya barabara, kusudi ihesabiwe, itoe kodi, na ichunguzwe na waganga. Faida ya dawa ilikuwa kweli, hatuikatai. Lakini muji wa zamani ulibaki nyuma na mingazi yake. Miaka ishirini ikapita, na karani aliyeona pale pori tu akaandika: udongo usio na mwenyewe. Ni Leta iliyowahamisha watu, na ni Leta iliyoshangaa kuona pahali pao patupu.

Amri ya tarehe 31 Mei 1934 iliagiza kwamba mbele ya kumupa kompani ao muzungu udongo, ufanywe kwanza uchunguzi, wenyeji waulizwe kama wana haki pale. Hii ilikuwa hatua njema. Lakini mara nyingi aliyeulizwa ni sultani peke yake, na sultani alikuwa anapokea mushahara wake kutoka kwa yule anayeuliza. Mwanamuke aliyejua kila bwawa la samaki hakuulizwa. Muwindaji aliyejua kila njia ya nyama hakuulizwa.

IV. Sheria za uhuru

Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru, na wazee wengi walifikiri udongo utarudi. Kweli, tarehe 7 Juni 1966 sheria inayoitwa Bakajika ilirudisha kwa Kongo utajiri wa udongo na wa madini uliokuwa umetolewa kwa kompani za kikoloni. Watu walifurahi. Lakini sheria ile iliurudisha mikononi mwa Serikali, haikuurudisha mikononi mwa miji.

Kiisha ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ambayo kila mulimaji alipaswa kuijua. Katika kifungu cha 53 ilisema udongo ni mali ya Serikali peke yake, hauuzwi wala haki yake haipotei kwa kupita kwa miaka. Katika kifungu cha 387 ilisema hata udongo unaokaliwa na jamaa za wenyeji unakuwa wa Serikali. Kifungu cha 388 kilieleza vizuri kwamba udongo ule ni ule wanaoukalia, wanaoulima ao wanaoutumia kwa namna yoyote, mumoja mumoja ao pamoja, kufuata desturi. Hapa pori la mawindo na shamba linalopumzika lilipata kuingia ndani ya neno la sheria. Na kifungu cha 389 kiliahidi kwamba haki za wenyeji juu ya udongo huo zitapangwa kwa amri ya Rais.

Miaka kumi ikapita, ishirini ikapita, arobaini ikapita, na amri ile haikutoka. Mwaka 1988 Korti Kuu ya inchi ilihukumu kwamba, kwa kungojea amri hiyo, desturi inazidi kutawala. Kwa hiyo kwa muda huo wote mulimaji alikaa kati ya milango miwili. Desturi ilimwambia: udongo ni wako, lakini hauna mukanda. Sheria ikamwambia: mukanda unatolewa na Serikali, lakini udongo si wako. Katika nafasi ile kati ya milango miwili waliingia wenye hila: sultani anayeuza pahali pamoja mara mbili, mukubwa anayeandikisha mamia ya hekta bila kutoka mujini, shemeji anayemufukuza mujane siku arobaini hazijatimia.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilileta nuru. Katika kifungu cha 34 inalinda mali ya mutu mumoja na mali ya wengi pamoja, iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Tunaomba kila mukubwa wa baraza ashike neno hili: ao kwa desturi. Ni neno dogo, lakini ni dawa ya neno la 1885.

V. Dhahabu ya Namoya

Hakuna pahali katika teritori yetu panapoonyesha mambo haya wazi kuliko Namoya, karibu na Salamabila. Dhahabu ilichimbwa pale tangu miaka ya 1930 na kompani za kikoloni. Mwaka 1976 migodi mingi ya Kivu na Maniema ilikusanywa katika kompani moja, SOMINKI. Mwaka 1982 sheria iliruhusu wananchi kuchimba kwa mikono, na SOMINKI ilipodhoofika, jamaa nyingi za Kabambare ziliishi kwa jembe na karai: baba anachimba, mama anaosha mawe, na mutoto analipiwa masomo.

Mwaka 1997 Serikali na kompani ya Kanada, Banro Corporation, walifanya mukataba juu ya migodi hii. Mwaka 1998 Serikali iliuvunja, na mwaka 2002 wakapatana tena. Ruhusa ya Namoya ilienea juu ya kilometa za mraba 174, ni kusema hekta 17.400, na ndani yake milima ambayo wachimbaji waliijua kwa majina: Mwendamboko, Kakula, Muviringu na Namoya yenyewe. Dhahabu ya kwanza ya kiwanda ilimwagwa mwezi wa Desemba 2013, na kazi ya biashara kamili ilihesabiwa tangu Januari 2016.

Kwa kompani, wachimbaji walikuwa wamevamia udongo wa ruhusa yake. Kwa wachimbaji, kompani ilikuwa imeingia juu ya kazi ya baba zao. Kulikuwa na mikutano, ahadi, mashule na vituo vya dawa vilivyojengwa, na watu waliopata kazi. Hayo tuyaseme kwa haki. Lakini kulikuwa vilevile na ugomvi juu ya kuhamishwa, juu ya malipo, na juu ya swali la nani anayesema kwa jina la wananchi. Kutoka ugomvi ule vikundi vyenye silaha, na kwanza Mai-Mai Malaika, vilipata vijana wa kuwafuata. Magari ya muzigo yalishambuliwa, wafanya kazi wanne walikamatwa Julai 2019, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule kompani ikatangaza kusimamisha kazi. Katika vita hivi vya askari na Mai-Mai, waliolala porini na watoto wao ni walimaji ambao hawakuwa wamepata hata gramu moja.

Sheria inatenganisha udongo wa juu na utajiri wa chini. Kwa karani inawezekana. Kwa mulimaji haiwezekani, maana muhogo unateremsha mizizi yake chini, na kaburi la mama halikai juu ya hewa. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, Nabote hakukataa kumupa mufalme shamba lake la mizabibu kwa sababu bei ilikuwa ndogo. Mufalme alitaka kulipa vizuri, ao kumupa shamba lingine bora. Nabote alikataa kwa sababu lilikuwa urizi wa baba zake. Kuna mambo ambayo malipo hayatoshi kuyajibu. Yanahitaji mwenyewe aulizwe kwanza, akiwa huru kusema ndiyo ao hapana.

Walakini sheria ya madini, iliyotolewa tarehe 11 Julai 2002 na kutengenezwa tarehe 9 Machi 2018, inatupa silaha isiyo ya damu. Kwa kodi ya madini inayotolewa, sehemu 50 kwa mia inakwenda Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta ao sheferi ambamo madini yanatoka, na 10 kwa ajili ya vizazi vitakavyokuja. Tena kompani inapaswa kutoa kila mwaka sehemu 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na kuandika pamoja nao orodha ya ahadi zake. Kijana anayejua hesabu hizi na kuuliza katika mukutano, "Ile 15 iliingia wapi?", anafanya kazi kubwa kuliko kijana anayeshika bunduki.

VI. Ndugu zetu Watwa

Neno la udongo usio na mwenyewe halikutoka katika kinywa cha Wazungu peke yao. Katika misitu ya mashariki ya Kongo wanaishi ndugu zetu ambao wengine huwaita Watwa, wengine Bambuti, wengine Bambote. Wao hawakati musitu. Wanautumia bila kuuharibu, kwa kuwinda na kwa kuchuma asali na majani ya dawa. Walimaji wa Kibantu waliona musitu ule bila mashamba, wakasema: hapa hapana mwenyewe. Hivyo aliyenyanganywa kwa neno moja alimunyanganya mwenzake kwa neno lile lile.

Serikali nayo ilifanya vivyo. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975 hata ikafika hekta 600.000, na Watwa walitolewa katika musitu wao bila udongo mwingine wa kukaa. Ilichukua miaka mingi hata sauti yao ikasikiwa: mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ulitangazwa, ukisema Kongo imevunja haki zao. Katika Kenya, Waogiek wa musitu wa Mau walishinda vilevile mbele ya Korti ya Afrika kule Arusha, tarehe 26 Mei 2017, na mwaka 2022 korti ile ikaamuru walipwe na udongo wao uandikwe kwa jina lao.

Katika inchi yetu, sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda Wapigme kama wenyeji wa kwanza, na inatambua haki zao juu ya udongo, masomo, dawa na desturi zao. Sheria hii haitamusaidia mutu kama katika Kanisa letu Mutwa anakaa bado nyuma ya mulango. Ubatizo ni mumoja, na meza ni moja.

VII. Haki zinashikana mikono

Tarehe 1 Novemba 1976 inchi yetu iliingia katika mapatano ya mataifa juu ya haki za maisha, za jamii na za utamaduni: haki ya kula, ya kazi, ya afya, ya masomo, ya kushika desturi. Wengine wanafikiri haya ni maneno ya wakubwa wa mikutano. Tuangalie maisha ya muji. Jamaa isiyo na shamba haina chakula. Isiyo na chakula haina feza ya shule. Mutoto asiyesoma anakwenda migodini ao kwa Mai-Mai. Muzee anayekufa mbali na makaburi ya ukoo haachi hadisi, wala wimbo, wala jina la muti wa dawa. Ukivuta uzi wa udongo, nguo yote inafumuka.

Kwa hiyo, katika Yubile hii, tunapendekeza mambo machache ambayo hayahitaji feza nyingi wala kungojea Kinshasa.

Kwanza, kila muji utembee mipaka yake. Wazee waende mbele, vijana wanaojua kuandika wafuate, wanawake wawe kati ya mashahidi. Yaandikwe majina ya vijito, mawe, miti, miji ya zamani na makaburi. Jirani aitwe siku ile ile, kusudi ugomvi umalizike kwa mazungumzo. Mukanda ufanywe mara tatu: mumoja kwa muji, mumoja kwa sekta, mumoja kwa parokia.

Pili, miji yenye musitu ijue kwamba amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamaa za wenyeji kuomba musitu wao, hata hekta 50.000, waushike pamoja kwa milele.

Tatu, mashamba ya wajane na yatima yaandikwe kwa majina yao. Jumuiya ya Kikristu inayozika mume Jumamosi na kunyamaza mujane akifukuzwa Jumatatu haijamaliza kazi yake ya kuzika.

Ine, parokia yenyewe itembee mipaka ya udongo wake pamoja na jamaa za wenye udongo wa zamani, na majina ya jamaa hizo yasomwe kanisani siku ya sherehe. Shukrani hii imechelewa, lakini Yubile ndiyo wakati wake.

Wakristu wapendwa, neno lililochukua udongo wetu halikuwa kubwa. Lilisema tu: hapana mutu. Na jibu letu halihitaji kuwa kubwa. Tuseme, tuandike, na tuonyeshe kwa miguu yetu wenyewe: watu wako. Baragumu la Yubile lilipopigwa katika Israeli, kila jamaa ilijua njia ya kurudi kwa sababu ilikuwa haijasahau mipaka ya baba zake. Mungu, Mwenye udongo wote, atujalie tusiisahau yetu, tena tusivuke ya wengine.